Mvinyo wa Harusi ya Kiangazi: Chupa 48 na Barafu ya Kutosha

REHEMA: Karibuni tena kipindini, wapendwa. Tuko Kampala, mvua imekatika, na kuanzia sasa mpaka Agosti kila Jumamosi kuna msafara wa harusi kwenye barabara ya Entebbe. Mimi ni Rehema, kazi yangu kupanga harusi. Mwenzangu ni kaka Wafula, muuza mvinyo, na leo tuna ujumbe mmoja tu wa kujibu. Nisome?

WAFULA: Soma, dada.

REHEMA: Bibi harusi mtarajiwa kutoka Mbale anaandika hivi: "Sherehe yetu ni Julai, bustanini Entebbe, wageni 250. Kamati imenitengea shilingi 2,500,000 za mvinyo peke yake. Bia na soda zina fungu lake. Shangazi anataka mvinyo wa Ufaransa ili wakwe wasituone wanyonge. Nifanyeje?"

WAFULA: Shangazi kwanza nampa shikamoo yake. Kisha namwomba aniruhusu nimtetee bibi harusi. Saa tisa alasiri, bustanini, chini ya hema, wageni wachache sana watasoma lebo. Lakini kila mmoja atajua kama alichomiminiwa ni cha baridi au ni cha vuguvugu. Mvinyo wa bei nafuu ukipoa sawasawa unanyweka vizuri. Wa bei kali ukiwa na joto unamshinda hata anayeupenda. Kwa hiyo kabla hatujataja chupa hata moja, tutenge pesa ya barafu.

REHEMA: Hilo nakubaliana nalo kwa moyo wote. Harusi zetu zinachelewa. Maharusi wametoka kanisani, wamekwenda kupiga picha ufukweni, hema limejaa, na chupa zimepangwa mezani tangu saa saba kwa sababu mpambaji anataka meza zipendeze. Kufikia saa kumi zimechemka.

WAFULA: Naomba mpambaji atafute pambo lingine, chupa zikae kwenye barafu.

REHEMA: Haya, tuanze na hesabu. Mimi huwa nakaa na mama wa bibi harusi, tunapitia orodha meza kwa meza. Hawa ni walokole, hawanywi. Hawa ni majirani Waislamu. Hawa ni watoto. Hawa wajomba ni watu wa bia tangu zamani, hata umwekee nini mbele yao. Kwa wageni 250 wa aina ya familia zetu, mara nyingi naishia kwenye watu 90 hivi wanaokunywa mvinyo kwa hakika. Anayenunua kwa kugawanya 250 kwa chupa anapoteza pesa nyingi.

WAFULA: Tuchukue hao 90. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Mtu mmoja tumpe glasi mbili na nusu kwa alasiri nzima, maana kuna chakula na kuna hotuba. Hizo ni glasi 225, yaani chupa 45. Ongeza tatu za akiba, 48, na hapo unapata katoni nane kamili za chupa sita sita. Tukichukulia chupa moja ni shilingi 40,000, jumla ni 1,920,000. Bado ana 580,000 mkononi.

REHEMA: Na ni mvinyo gani huo?

WAFULA: Nusu nzima, chupa 24, ziwe Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa Afrika Kusini. Hapa nitasema kidogo kwa sababu zabibu hii naipenda na inatufaa. Asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, kwa hiyo shangazi akiuliza, ana jibu la kuwapa wakwe. Lakini nchi yenye Chenin nyingi kuliko zote duniani ni Afrika Kusini; karibu sehemu moja kwa tano ya mashamba yao ya mizabibu ni hiyo. Ipo nyingi, ndiyo maana bei yake si kali. Inasafiri kwa meli mpaka Mombasa, inapanda lori kupitia mpaka wa Malaba au wa Busia hadi hapa. Na sifa yake kubwa ni kwamba ina uchachu unaobaki hata kukiwa na joto. Jua la Afrika Kusini haliuui. Ukinywa baridi mdomo unasafishika, unataka tonge lingine.

REHEMA: Na chakula chetu?

WAFULA: Hapo ndipo inapong'ara. Chukua luwombo ya kuku kwenye mchuzi wa karanga. Unafungua jani la ndizi, mvuke unatoka, mchuzi ni mzito, una mafuta ya karanga. Ukiweka hapo mvinyo mwekundu mzito wenye kukereketa, vyote viwili vinalala ulimini. Chenin, hasa ile yenye utamu kidogo, inakata yale mafuta. Samaki sato wa kukaanga, vivyo hivyo. Matoke yenyewe hayana ugomvi na chochote.

REHEMA: Lakini kaka, tuseme ukweli. Wageni wetu wengi wanapenda mvinyo mwekundu, na wanaupenda mtamu. Nimeona meza nyingi ambazo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, umebaki glasi kwa glasi, umeonjwa mara moja, ukaachwa.

WAFULA: Na wasilaumiwe, ni sherehe yao. Wawekewe wanachokipenda. Chupa 12 ziwe mwekundu mtamu, na huo nao uwe baridi kabisa, kama mweupe. Chupa sita ziwe mwekundu mkavu mwepesi, kwa wanaoujua na kwa wale watakaosimama kwenye nyama choma. Pinotage ingefaa. Hiyo ni zabibu iliyozaliwa Afrika Kusini yenyewe, mwaka 1925, pale Stellenbosch, Profesa Perold alipochanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut. Ina harufu ya moshi kidogo, inaelewana na makaa. Sita za mwisho ziwe za rangi ya waridi, ule usio mtamu sana. Jumla 48.

REHEMA: Huo mwekundu mkavu nao unawekwa kwenye barafu? Wazee watasema tumeuharibu.

WAFULA: Uwekwe, dakika kumi na tano au ishirini. Ushauri wa kuunywa kwa joto la chumba ulitoka Ulaya, kwenye nyumba za nyuzi 16, 18. Alasiri ya kwetu ni nyuzi 27 au 28. Kwa joto hilo pombe ndiyo inayotangulia puani, na mwekundu wa asilimia 14 unakuwa mzito kama dawa. Mweupe upoe zaidi, nyuzi nane mpaka kumi.

REHEMA: Wahudumu wangu wanaweka barafu tupu kwenye beseni, wanachomeka chupa juu. Unafika baada ya nusu saa, chini bado ina joto.

WAFULA: Kwa sababu barafu tupu inagusa chupa sehemu chache tu, katikati kuna hewa. Weka nusu barafu, nusu maji, tupa humo chumvi kiganja kimoja au viwili, zamisha chupa mpaka shingoni. Dakika ishirini zinatosha. Kununua, mimi nahesabu kilo moja ya barafu kwa kila chupa, nikijumlisha ile itakayoyeyuka. Beseni likae kivulini, na lifunikwe.

REHEMA: Ila nina onyo hapa kuhusu pesa. Maduka mengi ya jumla ukielewana nayo mapema yanakubali kupokea chupa zisizofunguliwa. Ni jambo zuri sana, liulizwe kabla ya kulipa, na liandikwe kwenye risiti. Lakini chupa iliyolala kwenye maji ya barafu inabanduka lebo, na hiyo hakuna mwenye duka atakayeichukua. Kwa hiyo usizamishe zote 48. Zamisha 12, zikikaribia kwisha zamisha nyingine. Zilizobaki zikae kavu kwenye katoni.

WAFULA: Hiyo inaokoa pesa nyingi kweli.

REHEMA: Na keki je? Pale mshereheshaji anapoita watu wahesabu, moja, mbili, tatu, kizibo kinaruka.

WAFULA: Kwanza, shampeni halisi inatoka mkoa wa Champagne, Ufaransa, peke yake, na bei yake haiingii kwenye fungu hili. Ichukuliwe Cap Classique, mvinyo wa povu wa Afrika Kusini, au Cava ya Hispania. Zote mbili povu lake linatengenezwa ndani ya chupa ileile, kama shampeni. Afrika Kusini walianza kutengeneza ya namna hiyo mwaka 1971, kwenye shamba la Simonsig. Prosecco ya Italia nayo inafaa. Povu lake hutengenezwa kwenye tangi, ndiyo maana mara nyingi bei yake ni ya chini.

REHEMA: Nakuuliza keki kwa sababu moja. Naona watu wanakunja uso.

WAFULA: Wanakunja uso kwa sababu wamepewa Brut. Brut ni kavu, sukari yake haizidi gramu 12 kwa lita. Keki yetu ya harusi ina matunda, ina sukari ya kuganda juu kama ukuta. Ukila keki hiyo halafu ukanywa Brut, mvinyo unageuka ndimu. Tafuta chupa iliyoandikwa Demi-Sec, hiyo ina gramu 32 mpaka 50. Na ujihadhari na Extra Dry: jina, maana yake "kavu zaidi", linaogopesha, lakini ni tamu kuliko Brut, ingawa kwa keki bado haitoshi.

REHEMA: Wageni 250 wote wapewe?

WAFULA: Hapana. Meza kuu, wazazi wa pande zote mbili, wasimamizi. Mililita mia moja kila mmoja, chupa inatoa glasi saba. Chupa nne ni watu 28. Tuseme 70,000 moja, ni 280,000. Na hizo nne zipoe kuliko zote, maana ndani kuna msukumo mkubwa. Zikiwa na joto zinamwaga nusu kwenye gauni la bibi harusi. Wengine wanyanyue chochote walichonacho, juisi ya pasheni, bushera ya nafaka, maji. Heri ni ileile.

REHEMA: Naunga mkono. Asiyekunywa pombe apate kinywaji kilichopoa na kilichomiminwa kwa heshima ileile. Mara nyingi walokole wanasahaulika, wanaletewa soda ya moto.

WAFULA: Kwa hiyo anabakiwa na 300,000 za barafu, mabeseni na usafiri.

REHEMA: Usimalize, kuna kokeji! Kumbi na bustani nyingi zinatoza kwa kila chupa unayoleta kutoka nje. Wakitoza 10,000, chupa 52 ni 520,000, na bajeti imepasuka. Dada yangu wa Mbale, piga simu bustani leo, kabla hujalipa malipo ya awali, mkubaliane kiasi kimoja kwa siku nzima. Ukisubiri wiki ya harusi, huna nguvu ya kuongea.

WAFULA: Wakikataa, kuna mvinyo wa boksi. La lita tatu ni chupa nne. Watu wanalidharau, lakini ndani kuna mfuko unaosinyaa kadiri mvinyo unavyotoka, hewa haiingii, hauharibiki upesi. Mimina kwenye majagi ya glasi yaliyopoa. Angalia tu tarehe, boksi halihifadhiki miaka.

REHEMA: Na dukani aangalie nini?

WAFULA: Ashike chupa mkononi. Kama kizibo kimepanda juu kidogo, au chini ya karatasi ya shingo kuna unatanata, imepata joto njiani au dirishani, airudishe. Mweupe uliogeuka rangi ya chai umezeeka. Kwa mweupe wa bei hii achukue wa mwaka jana au juzi. Chupa za kifuniko cha kuzungusha asiziogope, zinamrahisishia mhudumu. Stempu ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, iwepo, na programu ya Kakasa kwenye simu inaithibitisha. Kisha anunue chupa moja moja ya kila aina, aipoze, aionje nyumbani na chakula, akiwa na huyohuyo shangazi. Nadhani baada ya hapo hawatabishana.

REHEMA: La mwisho ni la stoo. Mchague mtu mmoja, asiwe mjomba mwenye marafiki wengi. Ashike ufunguo, atoe chupa sita, arudishiwe sita tupu, ndipo atoe nyingine. Mwaka huu namchagua binamu wa kike asiyekunywa, na nampa daftari.

WAFULA: Na mtu huyo apelekewe sahani yake ya chakula mapema, kabla foleni haijaanza.