Darasa la Milioni 20: Mhadhara Kuhusu Aina za Sera za Umma

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwamba mmekuja na jua hili.

Mada niliyopewa ni ndefu: aina za sera za umma za serikali, kuanzia ustawi wa jamii mpaka mambo ya nje. Wanafunzi mlioko hapa orodha mmeshaikariri kwa ajili ya mtihani. Kuna sera ya elimu, ya afya, ya kilimo, ya mazingira, ya fedha, ya ulinzi, ya mambo ya nje, kila moja na wizara yake, na kila wizara na jengo lake kule Mtumba, Dodoma. Orodha hiyo sina ugomvi nayo. Ila inamficha mtu mmoja ambaye mimi humtafuta kwanza kila nikifungua waraka wa sera, naye ni mlipaji. Leo nitaomba tumfuate huyo, kwa sababu ukimfuata vizuri utagundua kwamba sera ya ustawi wa jamii na sera ya mambo ya nje, kwa nchi kama yetu, mara nyingi zimeandikwa kwenye daftari moja la hesabu.

Tuanze na darasa. Sizungumzii somo, nazungumzia chumba: kuta, bati, madawati. Nendeni sekondari yoyote ya kata iliyopata majengo mwishoni mwa mwaka 2021, mtakuta vyumba ambavyo wananchi waliviita “madarasa ya UVIKO”, kwa jina la ule ugonjwa wa korona. Ramani moja nchi nzima, gharama moja nchi nzima: shilingi milioni 20 kwa chumba.

Sasa chumba hicho kilifikaje pale? Kuanzia Mei 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za UVIKO-19. Kukaa kimya nako ni sera, tena sera yenye gharama zake, hata kama haina waraka wala namba ya kumbukumbu. Machi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu, ikajiunga na mpango wa kimataifa wa chanjo, na tarehe 28 Julai Rais akachanjwa hadharani Ikulu. Septemba mwaka huohuo Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dharura wa dola milioni 567, ambao sisi tuliuzoea kwa jina la trilioni 1.3. Sehemu ya fedha hizo ikajenga madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile shule ndogo za watoto wanaoishi mbali na shule mama.

Wakurugenzi wa halmashauri walipewa wiki chache tu, wanafunzi wa Januari waingie. Kazi ikafanywa kwa force akaunti, mafundi wa hapohapo kijijini, kamati za shule zikisimamia. Halmashauri zote zikaingia sokoni kwa wakati mmoja kutafuta saruji, nondo na bati zilezile. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya manunuzi anajua maana yake: bei hupanda.

Nawauliza: chumba hicho ni matunda ya sera gani? Elimu, bila shaka, maana mtoto anakaa humo. Lakini bila kubadilika kwa msimamo wa afya, mkopo usingekuja. Bila diplomasia, mkopo usingekuja. Na mlipaji wake? Mkopo hulipwa na kodi za miaka ijayo. Kwa hiyo yule mtoto wa kidato cha kwanza aliyekaa dawati la mbele ni mnufaika na mlipaji kwa wakati mmoja, ila bado hajatumiwa ankara.

Mwaka 1964 mwanazuoni wa siasa wa Marekani, Theodore Lowi, alipendekeza sera zisipangwe kwa wizara, zipangwe kwa namna zinavyomgusa mtu. Alitaja mafungu matatu, baadaye akaongeza la nne. Fungu la kwanza ni sera za kugawa: barabara hapa, kisima pale, kila mbunge anarudi jimboni na chake, na gharama imetawanyika hadi hakuna anayeihisi. La pili ni za kudhibiti, zinazosema usifanye hiki au fanya kwa kibali. La tatu ni za kuhamisha, ambapo anachukuliwa huyu anapewa yule, na wote wawili wanaona. La nne linahusu dola yenyewe, kama kuanzisha mikoa mipya ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012.

Hoja ya Lowi ilikuwa kwamba aina ya sera ndiyo inayoamua aina ya ugomvi. Mimi naiamini, na ushahidi tunao hapa nyumbani.

Sera ya kudhibiti: tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikapigwa marufuku Tanzania Bara. Watu walilalamika juma moja, wakanunua mifuko mbadala, maisha yakaendelea. Walioumia hasa ni wenye viwanda na wauzaji wa jumla, na ugomvi wao ulikuwa wa maofisini, barabarani haukufika. Tusikae sana hapo.

Sasa linganisheni na tozo ya miamala ya simu. Julai 2021 serikali ilianza kutoza kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kila mtu anapotuma au kutoa pesa kwa simu, kulingana na kiasi. Lengo lilitangazwa wazi: vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Nani anapinga kituo cha afya? Hakuna. Lakini kijana wa Kariakoo anayemtumia mama yake Kigoma elfu hamsini aliiona tozo kwenye ujumbe wa simu, imeandikwa kwa tarakimu, siku ileile, wakati kituo cha afya hakikuwa hata na msingi. Kodi iliyomo ndani ya bei ya sukari anailipa kila siku hata haioni. Hii aliiona. Kelele zikawa kubwa kiasi kwamba ndani ya miezi michache tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma.

Wapo waliosema Watanzania hawapendi kulipa kodi. Nadhani wamekosea. Michango ya harusi tunalipa, tena kwa kadi ya ahadi na kusumbuliwa. Shida ya tozo ilikuwa mpangilio: gharama ilitangulia na iligusa mkono, faida ilichelewa na ilikuwa ya wote. Sera ya namna hiyo hata ikiwa njema itakula mawe.

Elimu bila ada ilikwenda kinyume chake, faida mbele, gharama nyuma. Januari 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, na hiyo haikuwa mzigo mkubwa kama michango iliyoambatana nayo: mlinzi, dawati, mtihani wa majaribio. Shangwe nchi nzima, na watoto wakamiminika darasa la kwanza. Lakini piga hesabu: aliyeingia darasa la kwanza 2016 anamaliza la saba 2022, na Januari 2023 yuko mlangoni kwa mkuu wa sekondari. Kwa hiyo baada ya yale madarasa ya UVIKO ikabidi serikali ijenge mengine 8,000 mwishoni mwa 2022. Miaka saba ilipita kati ya tamko na ankara kubwa. Wakati huo wote ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya hiyo inabaki juu, serikali kuu, kwa ajili ya vitabu. Mwalimu mkuu anatakiwa atoe humo chaki, ukarabati na karatasi za mitihani. Ndiyo maana michango ilirudi kwa mlango wa uani, ikiitwa ya hiari.

Tuje kwenye ustawi wa jamii kwa maana yake hasa. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianzishwa mwaka 2000, ikijenga zaidi zahanati na madarasa. Mwaka 2012 ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na hapo ikaanza kupeleka fedha mkononi kwa walengwa, kila baada ya miezi miwili. Sehemu ya ruzuku ina masharti: mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, mdogo apelekwe kliniki.

Kinachonivutia mimi ni namna kaya zinavyopatikana. Mkutano wa kijiji unakaa, majina yanatajwa mbele ya watu, na jirani anasema huyu ni maskini kweli, yule ana ng'ombe kwa shemeji yake. Sijui sera nyingine inayofanya uamuzi mgumu hivyo hadharani chini ya mwembe. Waziri wa fedha haulizwi na jirani zake nani anastahili msamaha wa kodi. Bibi mjane anaulizwa.

Na fedha hizo zinatoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni mikopo nafuu ya Benki ya Dunia na michango ya nchi wahisani. Hapo tena: mpango wa ndani kabisa, wa bibi na wajukuu zake, umesimama juu ya uhusiano wa nje.

Uhusiano huo tuliwahi kuuweka rehani wenyewe, kwa makusudi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaitaka Uingereza iuzime uasi ule, la sivyo nchi wanachama zivunje uhusiano nayo. Uingereza haikuuzima. Nchi nyingi zilizopiga kura zikanyamaza. Tanzania ilivunja uhusiano tarehe 15 Desemba, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukazuiwa. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa imesitisha msaada wa kijeshi kwa sababu ya suala la Ujerumani Mashariki na Zanzibar, na Nyerere akaiambia ichukue na uliobaki.

Mwanafunzi mmoja atauliza, je, ilikuwa busara kwa nchi iliyopata uhuru miaka minne tu nyuma? Jibu langu ni kwamba mlipaji alijulikana na aliambiwa. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha lilisema bayana kwamba fedha za nje haziwezi kuwa msingi wa maendeleo. Unaweza kulikubali au kulikataa, lakini sera ya nje na ya ndani zilisema jambo moja. Mambo yalipoharibika, baada ya vita vya Kagera na bei za mafuta, ndipo zikaanza kusigana. Mwaka 1979 Waziri wa Fedha Edwin Mtei alijiuzulu kwa kutofautiana na Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha, na mwaka 1986 chini ya Rais Mwinyi tukatia saini. Miaka michache baadaye, 1993, uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za serikali. Kitanda cha Muhimbili kililipiwa kwa makubaliano yaliyofanyika mbali sana na wodi.

Si kila sera ya nje imetuachia deni, nisieleweke vibaya. Mkifika Mazimbu, Morogoro, mtakuta kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine yenye jina la Solomon Mahlangu. Eneo lile lilikuwa shamba la mkonge, ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wakapewa, wakajenga shule kwa ajili ya vijana waliokimbia makaburu. Mwaka 1992 walirudi kwao wakatuachia majengo. Leo vijana wetu wanasoma humo. Mbele ya sera ya mwaka 2001 ya diplomasia ya uchumi, inayomtaka balozi alete wawekezaji na watalii, huwa natania kwamba Mazimbu ni uwekezaji mzuri uliofanywa na watu ambao hawakuwa na habari ya uwekezaji.

Nimalizie na jambo la juzijuzi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Tangu 2003 mpango wao wa UKIMWI, PEPFAR, umekuwa ukibeba sehemu kubwa ya huduma za VVU hapa kwetu. Ukienda CTC, yaani kliniki ya matibabu ya VVU, yule dada anayepiga simu kumkumbusha mgonjwa aliyepitiliza tarehe ya dawa, mara nyingi hayuko kwenye orodha ya mishahara ya halmashauri. Ana mkataba wa mradi. Hotuba ya bajeti ya Juni 2025 ikaja na vyanzo vipya vya mapato, vileo vikiwemo, kwa ajili ya mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Yaani uamuzi wa Washington umefika kwenye bei ya bia Mwanza ndani ya miezi mitano.

Sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa mwaka 2023, na humo ndimo aina zote za sera nilizotaja zinakutana: inagawa, inadhibiti, inahamisha, na inagusa vyombo vya dola vyenyewe. Mfanyakazi wa serikali anakatwa kwenye mshahara, hana la kusema. Lakini mkulima wa pamba wa Bariadi anapata hela msimu mmoja. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulimtaka alipe 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na hata kwa bei hiyo wengi hawakujiunga, kwa sababu dawa wakienda zahanati hawazikuti. Ukimtaka alipe zaidi, peleka dawa kwanza. Na dawa hizo kabla hajalipa, zinunuliwe kwa fedha ya nani? Ningependa kusikia majibu yenu, hasa wahasibu mliokaa kule nyuma. Karibuni kwa maswali.