Kumwongoza Farasi Bila Lijamu kwa Kamba ya Shingoni

Ndugu mtazamaji, karibu. Farasi aliye nyuma yangu anaitwa Zabibu. Ni jike wa miaka 11, na kama unavyoona, kichwani hakuvishwa chochote. Shingoni ana kamba moja tu, nayo ndiyo nitakayoitumia kumgeuza na kumsimamisha. Leo nitakuonyesha namna ya kumfikisha farasi wako hapa, kuanzia siku ambayo lijamu, yaani kile chuma kinachoungwa na hatamu, ingali kinywani mwake hadi siku utakapoitundika kwenye msumari bandani ukatoka nje bila hiyo.

Somo hili linamfaa mtu ambaye tayari anapanda kwa utulivu, katika mwendo wa kutembea na wa matiti, yaani kukimbia polepole, huku hatamu zimelegea. Ikiwa bado unazishika hatamu ili usianguke, kama abiria anavyoshika chuma cha daladala, rudi kwanza kwenye mazoezi ya kukaa, ndipo uje tuendelee. Farasi naye awe amekwisha kumzoea mpandaji, asiwe na maumivu ya mgongo, wala asiwe yule anayeruka kila mfuko wa plastiki unapopeperuka. Kofia ngumu ivaliwe kila mara, nami naivaa ingawa kazi hii ni ya kila siku kwangu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Lijamu hulala katika pengo lisilo na meno, kati ya meno ya mbele na magego, na ukivuta hatamu chuma hicho hubana ulimi na ufizi. Kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba ndiyo breki. Lakini farasi mzima wa kadiri ana uzito wa kilo 450 hadi 550, na akikata shauri la kwenda, hakuna mkono wa binadamu utakaomzuia kwa nguvu. Husimama kwa kuwa amefundishwa maana ya ule mguso. Maana hiyo yaweza kufundishwa mahali pengine pa mwili wake pia, kwa kuwa ngozi yake inahisi hata inzi mmoja akitua ubavuni, na utaona kipande kile kile cha ngozi kikitikisika kumfukuza. Mnyama anayemhisi inzi atakuhisi wewe ukigeuza shingo juu ya mgongo wake.

Wala jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, wapanda farasi wa Numidia, nchi iliyokuwa mahali ilipo Aljeria ya leo na sehemu ya Tunisia, walipigana katika vita vya Hannibal, jemadari wa Karthago, dhidi ya Roma wakiwa juu ya farasi wadogo, wepesi, wasio na lijamu. Katika Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyokamilishwa mwaka 113, Wamauri, wapanda farasi wa Afrika Kaskazini, wamechongwa wakienda kasi vitani, na vichwa vya farasi wao havina kitu. Mwaka 2006 Mmarekani Stacy Westfall alimpanda jike wake mweusi, Roxy, bila lijamu wala tandiko katika mashindano mjini Columbus, Ohio, akamzungusha papo kwa papo na kumsimamisha kutoka shoti, yaani mbio za kasi, hadi kwato za nyuma zikateleza mchangani. Kwetu huku, mtu aliyewahi kumgeuza punda kwa goti na kwa kofi dogo la shingoni katika vichochoro vya Lamu atanielewa upesi kuliko aliyezoea hatamu tangu utotoni.

Vifaa ni vichache. Tafuta kamba yenye unene wa kidole gumba, ngumu kidogo ili isilale kama kitambaa, yenye urefu wa mita 2 hadi 2.5. Ifunge iwe duara kwa fundo lisilojikaza, maana kitanzi kinachojikaza kitamkaba koo. Kamba ikae chini kabisa shingoni, pale shingo inapoanzia kifuani, isipande juu kwenye koromeo. Uwanja uwe wa duara wenye kipenyo cha mita 18 hadi 20 na uzio usiorukika. Lango lifungwe, na chakula kisiwe karibu. Kuhusu chakula nina sababu yangu.

Hatua ya kwanza ni kusimama, na nitakaa hapa kuliko mahali pengine, kwa kuwa niliwahi kuipuuza nikalipia. Mwaka wangu wa kwanza wa kuzoesha farasi nilimvua lijamu dume mmoja mpole baada ya siku nne tu za mazoezi. Aligeuka vizuri kulia na kushoto, nikavimba kichwa. Kisha saisi, mtunza farasi wetu, akaanza kumimina pumba kwenye ndoo nje ya uzio. Dume akaondoka kwa matiti moja kwa moja, mimi nikivuta kamba kwa mikono miwili, naye akiiegemea kwa kifua kama anavuta mkokoteni. Alipofika langoni alisimama ghafla; mimi niliendelea. Nilipojipangusa samadi ndipo nilipotambua kwamba siku zote nilikuwa namsimamisha kwa mikono bila kujua, na kwamba mwili wangu haukuwa umemfundisha neno hata moja.

Kwa hiyo mazoezi yaanze lijamu ikiwa kinywani. Funga hatamu fundo, zilaze shingoni mahali unapoweza kuzifikia upesi, na ushike kamba kwa mkono mmoja. Mwache farasi atembee. Sasa angalia nyonga zangu: mgongo wa Zabibu unainuka upande mmoja, kisha wa pili, na nyonga zangu zinaufuata kama za mtu aliyeketi katika ngalawa penye mawimbi madogo. Navuta pumzi, naitoa polepole, naziacha nyonga zitulie, nabana mapaja kidogo, nasema "hooo" kwa sauti ya chini. Nahesabu moja, mbili. Farasi asiposimama, nainua kamba juu na nyuma kidogo, naiachia, nainua tena, naiachia. Asipoelewa bado, naziokota hatamu na kumsimamisha kwa lijamu kama alivyozoea. Mpangilio huo usibadilike hata siku moja: mwili, sauti, kamba, na mwisho hatamu. Baada ya kurudia mara nyingi, farasi hung'amua kwamba nyonga zikitulia kuna jambo linafuata, naye huanza kusimama kabla ya kulingojea.

Usivute kamba mfululizo. Farasi ana nguvu nyingi kifuani, na kitu kinachomsukuma hapo bila kukoma humfundisha kukiegemea, kama alivyonifanyia yule dume. Mguso uwe mfupi, na mara tu unapohisi uzito wake unarudi nyuma, hata kabla kwato hazijatulia, achia kila kitu. Kule kuachia ndiko kunakomwambia kwamba amejibu sawasawa. Ukichelewa sekunde mbili atakuwa amekwisha kufanya jambo jingine, pengine ametupa kichwa, na hilo ndilo atakalodhani umelisifu. Kisha mwache asimame kimya kwa sekunde kumi hivi, umkune pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno. Akizoea, mwombe pia arudi nyuma hatua moja kwa ishara zile zile, kwa kuwa farasi anayerudi nyuma kwa wepesi husimama kwa wepesi.

Hatua ya pili ni kugeuka. Tuseme unataka kwenda kushoto. Kwanza tazama huko unakokwenda, kwa kugeuza kichwa na kifua pamoja, usigeuze macho tu. Ukifanya hivyo uzito wako unahamia kidogo kwenye kalio la kushoto bila wewe kujipinda. Pili, fungua goti la kushoto kama unayefungua mlango. Tatu, gusa kwa shavu la mguu wa kulia karibu na mshipi wa tumbo, ili kusukuma bega lake. Mwisho kabisa kamba iguse upande wa kulia wa shingo. Wanafunzi wengi hufikiri kamba itamvuta farasi. La, yeye anaondoka mahali alipoguswa, kwa hiyo akiguswa kulia huenda kushoto. Hapa pia, asipojibu, hatamu zimsaidie, kisha ziachiwe.

Naomba kamera isogee kichwani mwa Zabibu. Tazama sikio la kushoto. Nimegeuza uso tu, mguu haujagusa na kamba haijasogea, lakini sikio limekwisha kugeuka, na sasa bega linafuata. Kwa farasi wako huenda jambo hilo likachukua wiki kadhaa. Weka mapipa mawili uwanjani, yaachane mita 6, uyazunguke kwa umbo la nane, ukijitahidi kila siku kuitumia kamba mara chache kuliko jana.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mpandaji kuupeleka mkono mbali kupita mstari wa shingo, hata kiwiliwili kikajipinda na uzito ukahamia kalio la upande wa pili. Farasi hupata ishara mbili zinazopingana: kamba inasema kushoto, uzito unasema kulia. Wengine husimama wakatikisa mkia, na watu huwaita wakaidi. Sioni ukaidi hapo.

Sasa siku ya kuvua lijamu. Isiwe siku uliyoipanga kwenye kalenda. Iwe siku ambayo umekwisha kufanya mazoezi ya nusu saa, na katika nusu saa hiyo hukuzigusa hatamu hata mara moja. Shuka, vua lijamu, umvishe kamba ya kichwani ya kawaida ile ya kumfungia bandani, ukiwa na ncha yake mkononi kama akiba. Panda, tembea mizunguko mitano, simama mara kumi, shuka. Basi. Kwa siku tatu au nne fanya hivyo hivyo, na hamu ya kwenda matiti uizuie. Baada ya hapo ndipo utakapoivua kamba ya kichwani nayo, ubaki na ya shingoni.

Matiti huja baadaye kidogo, na huanzia katika kusimama: ukiweza kumrudisha farasi kutoka matiti hadi kutembea kwa pumzi na nyonga peke yake mara tano mfululizo, unaweza kuongeza muda. Shoti nisingekushauri mpaka ipite miezi kadhaa, na uwe bado ndani ya uzio. Kwenda barabarani bila lijamu usijaribu kabisa; pikipiki moja inatosha kuharibu kazi ya mwaka.

Na akiondoka kwa kasi ukiwa uwanjani? Usipige kelele wala usijikunje mbele, kwa sababu mwili uliokunjwa mbele humhimiza aongeze. Kaa wima, sukuma visigino chini, tazama ndani ya duara, umguse kwa mguu wa nje ili mzunguko upungue kidogo kidogo. Farasi aliye katika duara dogo hawezi kudumisha kasi. Akipungua, toa pumzi, sema "hooo", inua kamba mara moja, uachie. Akisimama, mkune kwanza, kisha urudi kwenye kutembea. Siku hiyo usiende matiti tena.

Kesho yake mrudishie lijamu umpande kama kawaida, ukitumia ishara zile zile za mwili. Mimi humpanda Zabibu siku mbili kwa lijamu na siku ya tatu kwa kamba, na ile siku ya tatu ndiyo inayonionyesha kama mikono yangu imeanza tena kuvuta.