Jua la Dunga na Ngozi Zetu

Kina mama wa omena (dagaa), wavuvi, vijana wa boda wa hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, hamjambo. Sitawaweka sana, maana omena ziko juani na nyinyi pia.

Jua hutuma miale tusiyoiona. Inayotufikia ni ya aina mbili: UVB, inayounguza ngozi juu juu, na UVA, inayopenya ndani na kuizeesha. Sisi tuko karibu na ikweta, ile inayopita pale Maseno, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa sita mchana miale hiyo inatushukia utosini. Msidanganywe na mawingu mepesi wala upepo wa ziwa. Joto si kipimo. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jifunike.

Najua mtasema, "Daktari, sisi ni weusi." Kweli, melanini, ile rangi inayoipa ngozi weusi, ni kinga, na anayejipaka mkorogo wa zebaki anaibomoa kwa pesa zake mwenyewe. (Naona kuna wanaotazama chini. Sikutaja mtu.) Lakini jicho halifichwi na weusi wa ngozi. Ile nyama inayoota kwenye weupe wa jicho la mvuvi na kutambaa kuelekea mboni, jua lina mkono wake pale. Kofia pana na miwani ya jua ni vifaa vya kazi kama nyavu.

Ninaowahofia zaidi ni wenzetu wenye ualbino. Wao hawana kinga hiyo, na saratani ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Walimu mlioko hapa, mtoto huyo msimsimamishe juani kwenye gwaride. Mpeni kivuli, tena akae dawati la mbele, kwa kuwa macho yake pia hayaoni mbali. Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi apakwe kabla ya kutoka, irudiwe kila saa mbili. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni. Ulizeni ofisi ya kaunti. Ila losheni ni ya sehemu zilizobaki wazi. Kwanza shati la mikono mirefu, kitambaa kizito, na kofia yenye ukingo pande zote. Kapelo huacha masikio nje, na masikio huungua vibaya.

Mama wa pale nyuma ameuliza kuhusu kichanga. Chini ya miezi sita usimpake losheni, mweke kivulini.

Na kidonda cha sikioni, mdomoni au shingoni kisichopona mwezi mzima, usikipake mafuta ya dukani. Kipeleke kliniki kingali kidogo, wakikate kiishe.