Makala ya Sita: Mrabaha wa Nakala Tunazoombeana

Wakutubi wenzangu, hapa Dar es Salaam tukiomba nakala kutoka maktaba ya Marekani, fomu yao hutaka alama: CCG (ombi linafuata miongozo ya hakimiliki) au CCL (linafuata sheria ya hakimiliki). Wengi huweka yoyote ili ombi lipite. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Sisi tuna sheria yetu ya hakimiliki ya 1999. Wao wana ya 1976, inayoruhusu maktaba kuombeana nakala, mradi zisiwe nyingi kiasi cha kuchukua nafasi ya kulipia jarida. CONTU, tume ya Marekani ya hakimiliki na teknolojia mpya, ndiyo iliyoweka kipimo: ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, kwa jarida moja, nakala 5 za makala zilizochapishwa katika miaka 5 kabla ya tarehe ya ombi. Zikiwa ndani ya kipimo hicho, ni CCG. CCL ni kwa ombi linaloegemea kifungu kingine cha sheria, kwa mfano makala ya zamani. Nakala ya sita ya jarida hilo, ikiwa ya makala mpya, ina mrabaha, na anayedaiwa ni maktaba iliyoomba, si iliyotoa. Hulipwa kwa mchapishaji au kupitia Copyright Clearance Center, wakala wa Marekani anayekusanya mrabaha.

Ndiyo maana maktaba za afya huumia kuliko nyingine. Mwanahistoria akitaka makala ya 1962, haihesabiwi. Daktari anataka ya mwaka jana.

Tuchukue jarida moja, maombi 9. Mawili hayakupatiwa nakala: futa, kwani kinachohesabiwa ni nakala iliyofika. Moja ni ya miaka 7 iliyopita: futa. Jingine ni la makala yenye leseni huria, ipo bure mtandaoni kwenye hifadhi ya PubMed Central. Hilo halikupaswa hata kutumwa. Zimebaki 5. Deni ni sifuri, ilhali asiyechuja atalipia 4. Vilevile, jarida unalolilipia lakini toleo limepotea rafuni halihesabiwi.

Balaa kubwa ni mwanafunzi wa mapitio ya kimfumo, yaani utafiti unaokusanya makala zote za mada moja. Analeta orodha ya makala 12 za jarida moja, na fungu la nakala 5 za mwaka mzima linakwisha Februari. Msitume orodha hiyo kama ilivyo. Pitisheni kwanza Hinari, mpango wa majarida ya afya kwa nchi zenye kipato kidogo ambao WHO iliuanzisha na wachapishaji mwaka 2002, kisha mwandikieni mwandishi wa makala. Wengi hutuma wenyewe. Zilizobaki zipangeni kwa tarehe. Inayokaribia kutimiza miaka 5 iacheni wiki chache, itatoka yenyewe kwenye hesabu. Mgonjwa hasubiri, ila tasnifu husubiri.

Bado inalazimu kulipa? Ulizeni bei ya kununua makala moja kwa moja kwa mchapishaji. Mara nyingine ni nafuu kuliko mrabaha ukijumlisha ada ya maktaba inayotoa.

Daftari liwe na jina la jarida, tarehe ya kuchapishwa, tarehe ya ombi, alama na matokeo. Litunzwe miaka 3 baada ya mwaka wa ombi kuisha. Jarida likibadili jina katikati ya mwaka, andikeni majina yote mawili.