Kupima mbegu za kiume nyumbani: ile ya mwanzo isikupite

Haya kaka zangu, na dada zangu mliomkokota mzee aje kutazama, karibuni. Leo tunafungua kipimo cha mbegu cha nyumbani. Ndiyo, ninaviuza, bei ipo hapo chini, tusizungushane.

Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Nawa mikono, nawa uume, jikaushe. Hayo mnayajua.

Sasa tega sikio. Shahawa yote iingie kikoponi, hasa ile inayotangulia, maana humo ndimo mbegu zimejaa. Ikimwagika pembeni, usipime, panga siku nyingine. Mate hapana, mafuta hapana, kondomu ya kawaida hapana. Narudia: ile ya mwanzo!

Humu nimeweka ute wa yai, msicheke, ni mfano tu. Acha nusu saa, ule uzito ulegee uwe majimaji. Koroga taratibu, usitikise kama juisi ya ukwaju. Vuta kwa kibomba... ona, kapovu hako! Kijana, leta kamera huku, taa inapiga. Eeh, hapo. Kapovu kakiingia, kiasi kinapungua na jibu linakuwa la uongo. Rudisha, vuta upya, polepole.

Dondosha kidirishani, subiri dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Kwa hiki changu, mstari wa T (wa jibu lako) ukikolea sawa na wa C (wa kulinganishia) au kuuzidi, mbegu zimefika milioni 15 kwa mililita. Mimi husomea dirishani mchana, balbu za ndani siziamini.

Ila ninachouza kinahesabu tu. Kama mbegu zinaogelea, kama zina umbo zuri, hilo ni la hadubini, nenda maabara. Ukitolea nyumbani, andika saa kwenye kifuniko, kifike ndani ya saa moja, na ukibebe ndani ya shati kipate joto la mwili. Usikitie kwenye mfuko wenye soda baridi, jamani! Vigezo vya WHO vya 2021: milioni 16 kwa mililita, zinazocheza asilimia 42. Ukiwa chini ya hapo, usianze kulia, rudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Na kama uliugua malaria karibuni, mwambie daktari, mbegu huchukua kama miezi 3 kutengenezwa, homa kali huivuruga.

Aliyeuliza kikopo cha mtindi: hapana kaka, hata ukikiosha. Chukua cha maabara.