Kusita kwa Mwenye Gari la Haibridi

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie magari ya umeme, nami nimechagua kuanza na watu wasioyataka. Ninaowakusudia ni wakazi wa Nairobi na Mombasa wenye Toyota Aqua, Prius au Honda Fit za haibridi, yaani zenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, zilizoagizwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika. Hawa tayari wanaendesha magari yenye mota ya umeme na betri, kwa hiyo mtu angedhani ndio watakaotangulia kuvuka kwenda kwenye magari ya umeme mtupu. Kumbe ndio wenye hoja nzito zaidi za kubaki walipo, na hoja yao ya kwanza ni ya hesabu.

Tuifanye hesabu hiyo kwa makadirio. Tuchukue petroli kwa shilingi 180 lita, na umeme wa nyumbani kwa shilingi 30 uniti. Gari la petroli linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 litamla mwenyewe shilingi 1,800. Haibridi ndogo inayotumia lita 5 itamla 900. Gari dogo la umeme linalotumia uniti 17 litamla 510. Anayetoka kwenye petroli ataokoa karibu shilingi 1,300 kwa kila kilomita 100, ilhali anayetoka kwenye haibridi ataokoa 390 tu, kwa sababu zaidi ya theluthi mbili ya faida hiyo alikwisha kuitia mfukoni siku aliponunua haibridi. Akiendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, anabakiwa na shilingi 3,900 za kufidia tofauti ya bei ya gari, gharama ya kufunga chaja na usumbufu wa kubadili mazoea. Sioni haki ya kumwita mtu huyu mkaidi.

Hoja ya pili ni betri, na hapa naomba mnivumilie. Betri ya Aqua za mwanzo haifikii hata kilowati-saa moja, yaani uniti moja ya umeme. Inapochoka, mafundi wetu wamekwisha kuzoea kuifungua na kubadilisha vipande vilivyokufa, na gharama yake inauma lakini inabebeka. Betri ya Nissan Leaf, gari la umeme mtupu, ya toleo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2017 ni ya kilowati-saa 40. Ikichoka, kinachopungua ni mwendo wenyewe wa gari, na kuibadilisha yote ni jambo la kumfanya mtu afikirie kununua gari jingine. Betri hiyo haipozwi kwa maji, nayo joto ni adui yake. Wenye Leaf za mwanzo huko Arizona walilalamika mwaka 2012 kwamba uwezo wa betri zao unashuka haraka, hadi kampuni ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Ikiwa mpya, Leaf ya 2017 ilikadiriwa na mamlaka za Marekani kwenda kilomita 243 kwa chaji moja. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na Kenya huruhusu gari lililotumika lenye umri usiozidi miaka 8, kwa hiyo mnunuzi wa kawaida anapokea betri iliyokwisha kuzeeka mikononi mwa mtu mwingine.

Zipo hoja nyingine ambazo sizikubali. Inasemwa kwamba umeme wenyewe ni mchafu. Hoja hiyo ina nguvu katika nchi zinazochoma makaa ya mawe, lakini karibu tisa ya kumi ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Inasemwa pia kwamba haibridi hujichaji yenyewe, ilhali nishati yote ya haibridi isiyochomekwa ilianza kama petroli. Mwaka 2020 mamlaka ya walaji ya Norwei ililipiga marufuku tangazo lililokuwa na madai hayo. Ama kukatika kwa umeme, tunaikumbuka giza ya Agosti 2023, lakini pampu ya petroli nayo huendeshwa kwa umeme.

Ugumu wa makazi, kwa upande mwingine, ni wa kweli kabisa. Bei nafuu ya umeme wa magari iliyoanza mwaka 2023 haimsaidii mpangaji ambaye mita yake iko ghorofa ya nne na gari lake linalala uani pasipo na soketi.

Kwa maoni yangu, ushawishi wa serikali ungeelekezwa kwanza kwenye matatu, teksi na bodaboda, ambazo hutembea kutwa nzima na ambazo akiba yake kwa kilomita ni kubwa. Mwenye haibridi aachwe kwa sasa, ila atayarishiwe njia ili asije akauziwa mbuzi ndani ya gunia. Magari yaliyotumika hukaguliwa huko Japani kwa niaba ya Shirika la Viwango la Kenya kabla hayajapakiwa melini. Uwezo uliobaki wa betri ya Leaf husomwa kwa dakika chache, kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu. Napendekeza kipimo hicho kiwe sharti kwa kila gari la umeme linaloingia, kiandikwe kwenye cheti cha ukaguzi, na cheti kibandikwe kwenye kioo cha gari likiwa bado yadi.