Kamera Iache Kwanza: Kuingia Kwenye Seti za Nairobi

Hamjambo nyumbani! Mwanza, Tanga, Mbeya, nawasalimu kutoka Nairobi. Leo najibu swali ambalo wadogo zangu mnaniuliza kila mara: dada, nataka kufanya kazi ya filamu na tamthilia huko, ninunue kamera gani?

Kamera iache kwanza. Nasema hivi kwa kuwapenda, maana najua kuna mtu yuko tayari kuuza bodaboda yake anunue lenzi. Kwenye seti, yaani pale filamu inapopigwa picha, yenye watu 40, wanaoshika kamera hawazidi wachache. Waliobaki wanafanya kazi ambazo ukiwa umekaa kwenye kochi huzioni: wanavuta nyaya za taa, wanapiga pasi nguo, wanaendesha gari la vifaa, wanajenga ukuta wa mbao ufanane na wa sebule, wanatunza hesabu. Wote wanalipwa, na wengi hawakusomea filamu. Fundi cherehani, idara ya mavazi inakuhitaji. Fundi umeme, wewe unayejua waya upi unabeba mzigo gani, watu wa taa watakuthamini kuliko mwenye cheti asiyejua kukunja waya.

Msiandike barua kwa mwongozaji. Mwongozaji hatafuti mpiga pasi. Kila idara ina mkuu wake, na mkuu ndiye anayechagua wasaidizi. Msaidizi akiugua usiku, anampigia simu mtu anayemjua, na asubuhi yule mtu yuko kazini. Basi, tamthilia ikiisha na majina yakaanza kupita, simamisha picha usome. Nani mkuu wa mavazi? Wa sauti? Wa mapambo? Mwandikie mistari mitatu: unajua kufanya nini, unakaa mtaa gani, na kwamba saa kumi na moja alfajiri utakuwa umefika. Hilo la mwisho lina uzito sana kwenye jiji hili lenye foleni.

Mimi niko kwenye mwendelezo, yaani kuhakikisha vipande vya picha vinaungana bila kupishana. Niwaeleze, maana wengi hamjui kama kazi hii ipo. Tamthilia haipigwi picha kwa mpangilio wa hadithi. Matukio yote ya nyumba moja yanapigwa pamoja, hata kama moja ni la mwanzo na jingine la mwisho. Mhusika anafungua mlango leo akiwa ndani. Akiwa nje ya mlango huohuo, atapigwa picha wiki ijayo. Je, kitenge kilifungwa kulia au kushoto? Chai ilikuwa nusu kikombe? Lile neno la hasira alilisema amekaa au anainuka? Naandika, napiga picha, nalinganisha. Nikiacha kuandika, mhariri atakwama na vipande visivyoungana. Nani alinifundisha? Kabla ya kuja huku nilikuwa karani wa ghala. Nilishazoea kuandika kila kinachoingia na kila kinachotoka.

Mkitaka kujifunza haraka, ingieni tamthilia za kila siku. Matukio ni mengi kwa siku moja, na ndani ya mwezi utajua lini unyamaze, lini ukimbie, na kwa nini mtu wa sauti anataka friji lizimwe. Msione haya kuwa msaidizi. David "Tosh" Gitonga, kabla ya kuongoza filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, alikuwa msaidizi wa mwongozaji kwenye filamu za wengine.

Wanaotaka darasa, kipo chuo cha Kenya Institute of Mass Communication, mtaa wa South B hapa Nairobi. Ulizeni pia kuhusu MultiChoice Talent Factory, mafunzo ya filamu ya kampuni ya televisheni ya MultiChoice, ambayo akademia yake ya Afrika Mashariki ilizinduliwa hapa Nairobi mwaka 2018 na kupokea vijana wa Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia. Hakikisheni kwanza kama bado wanapokea watu; wakitangaza nafasi, ombeni.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu akikuambia utoe ada ya usajili ndipo upate nafasi ya kuigiza au kazi ya seti, ondoka. Kazi inakulipa wewe. Na msije kichwakichwa kwa kuwa sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki: mpaka utavuka bila viza, lakini kufanya kazi kunahitaji kibali. Kabla ya siku ya kwanza uliza malipo ni kiasi gani kwa siku, yanatoka lini, na saa za ziada zinahesabiwaje. Wadogo zangu wa kike, ulizeni pia nani anawarudisha nyumbani picha zikipigwa hadi usiku. Mkuu mzuri hatakasirika kuulizwa hivyo.

Andikeni hapo chini kazi ya mikono mliyo nayo sasa na mji mlipo, niwaambie mwanzie idara gani. Na wewe mama ntilie wa Kirumba, usipite kimya: chakula cha seti nacho kina mkataba wake.